Mgeni wa Mama

Miaka mitano na miezi minne ilikuwa imepita tangu Kitinda aondoke kwao, na katika muda wote huo hakuwahi kusema uongo mtamu kama ule aliomwambia dada yake wiki moja kabla ya sikukuu. Alimpigia simu akalalamika kwamba mwaka huu tena amepangiwa zamu, kwamba lifti za mji ule mkubwa hazijui sikukuu, zinakwama tu na watu ndani, na fundi hana pa kujificha. Dada yake alimpa pole. Akamwambia nyumbani ni kwema, mama mzima, wote wazima. Kitinda alipokata simu alicheka peke yake mpaka mwenzake wa chumba akamuuliza kama amechanganyikiwa. Tiketi ya ndege ilikuwa chini ya mto.

Jina lenyewe lilikuwa la utani wa nyumbani. Yeye ndiye aliyezaliwa mwisho, kitinda mimba, na mama yake alilikata jina hilo nusu akamwita hivyo tangu anatambaa. Sasa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mbili, mwenye mabega mapana na mikono iliyojaa makovu madogo ya kazi. Ndani ya ndege, safari nzima, alikuwa akijaribu kuisikia sauti moja tu: sauti ya mama yake akimwita, ameshika kifua kwa mshangao, halafu akianza kumgombeza kwa kumshtua mtu mzima.

Teksi ilimshusha kwenye kona saa nne asubuhi. Hakutaka ifike mlangoni ikamharibia mambo. Alilikokota sanduku hatua chache, magurudumu yakapiga kelele kwenye changarawe, akalibeba begani. Geti lilikuwa limepakwa rangi ya bluu. Pembeni ya ngazi tatu za kupandia barazani palikuwa pamechimbiwa bomba la chuma la kujishikilia, jambo ambalo hakuwahi kuambiwa. Aliliona akalipita. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni.

Kilichomsimamisha ni sauti ya cherehani.

Ilikuwa inatoka sebuleni kwao. Mama yake alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa vitabu na chaki, asiyejua hata kuingiza uzi kwenye tundu la sindano. Vifungo vya mashati ya wanawe vilikuwa vikishonwa na majirani. Halafu aliyekuwa akishona alikuwa na namna yake ya kukanyaga: anakwenda mbio, anatua, anapiga mishono miwili mitatu taratibu kama anayenyata, kisha mbio tena. Kitinda aliijua namna hiyo. Kabla hajasafiri alikuwa akikaa kwenye benchi la duka moja la ushonaji kila jioni akitoka kazini, akiisikiliza, akingoja mwenye duka afunge amsindikize.

Akasukuma mlango.

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya cherehani aliinua uso. Mtaani walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake pia, maana alikuwa hodari wa kumchoma mtu kwa neno moja huku anacheka. Sasa hakucheka. Alimtazama kuanzia viatu hadi sanduku lililokuwa begani, akamtazama usoni, na macho yake yakakaa hapo muda mrefu kuliko alivyokusudia. Ndipo akayashusha kwenye kitambaa.

"Funga mlango polepole," alisema. "Anashtuka ukibamizwa."

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nashona."

Kitinda alilitua sanduku. Huyu ndiye mwanamke ambaye mama yake aliapa hatakanyaga nyumba hii. Mama alikuwa ametoa sababu zake mbili mbele ya ndugu wote. Kwanza, binti huyu ameshaolewa akaachika. Pili, amemzidi Kitinda miaka minne. Alisema kama mwanawe atamwoa, basi asimhesabu tena yeye kuwa mama. Kitinda alikwenda ng'ambo akiwa amemwahidi Sindano kwamba akirudi watakuwa wameshamlainisha mama. Lakini mwaka wa pili, baada ya simu nyingi za machozi kutoka nyumbani, alichoka. Akampigia Sindano mchana mmoja wa mapumziko ya kazi, akamwambia waachane kwa amani. Simu ile haikufika dakika tano. Sindano alisema, "Haya," akakata.

"Mama yuko wapi?" aliuliza.

Sindano alielekeza kwa kidevu. Kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, palipokuwa na mwanga, alikaa mama yake. Alikuwa amepungua. Mapajani kwake palikuwa na vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye ushonaji, na alikuwa akivikunja kimoja kimoja kwa uangalifu mkubwa, anavipanga, anavikunjua, anaanza tena.

Kitinda alivuka sebule kwa hatua tatu, akachuchumaa mbele yake na kumshika mikono. Yote aliyoyapanga kwenye ndege yalimtoka kichwani.

"Mama. Ni mimi. Nimekuja."

Mama alimtazama. Macho yalikuwa yale yale, yenye ukali wa mwalimu na huruma nyuma ya ukali. Yakapita usoni mwake, yakashuka kwenye mikono yake yenye makovu, yakakaa pale.

"Umechelewa, fundi," alisema. "Bomba la jikoni linavuja tangu juzi."

Kitinda alicheka. Mama yake alikuwa mtu wa masihara, na kwa nukta kadhaa alidhani ameshindwa mchezo wake mwenyewe, kwamba mtu alivujisha siri na mama akaamua kumtania. Aligeuka kumtazama Sindano apate wa kucheka naye. Sindano alikuwa amesimama, mkasi mkononi, anatikisa kichwa taratibu.

"Mwitikie," alisema kwa sauti ya chini. "Ukibishana naye ataogopa."

Kicheko kilimfia kifuani.

"Nisamehe, mama," alisema. "Kazi zilikuwa nyingi."

"Kazi hazijawahi kuwa chache. Nenda ukatazame."

Akaenda. Angefanya nini kingine? Jikoni kila kabati lilikuwa limebandikwa karatasi yenye maandishi makubwa, na mwandiko aliutambua, ndio ule uliokuwa ukiandika vipimo vya wateja. VIKOMBE. SUKARI. HAPA PA MOTO, USIGUSE. Kwenye mlango wa nyuma paliandikwa: MWALIMU, LEO HAKUNA SHULE. Alisoma yote akiwa amesimama katikati ya jiko alilokulia, bega lake likigusa fremu ya mlango iliyochorwa mistari ya urefu wake tangu ana miaka mitatu.

Bomba kweli lilikuwa linavuja. Alifungua sanduku, akatoa spana ndogo ambayo hakuwahi kusafiri bila hiyo, akafunga maji, akaanza kazi. Mpira ulikuwa umekwisha. Alikuwa ameshauchomoa alipomsikia mama akija kwa kuburuta miguu. Mama akavuta stuli, akakaa kumsimamia kama alivyokuwa akiwasimamia wanafunzi kwenye mtihani.

"Unaijua kazi yako," mama alisema baada ya muda. "Mimi pia nina kijana fundi. Yuko ng'ambo."

Kitinda hakugeuka. "Fundi wa nini?"

"Lifti. Tangu mdogo alikuwa mvivu wa kupanda ngazi." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika. "Haji siku hizi."

"Kwa nini haji?"

"Nilimuudhi. Kulikuwa na binti wakipendana. Nikasema yule kaachika, yule kamzidi umri, kwangu haingii. Nilikuwa na mdomo, fundi, we acha tu. Na mwanangu akanisikiliza, akamwacha. Siku ile nililala kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini tangu hapo hata sauti yake kwenye simu haikuwa ile ninayoijua. Ananiuliza hali, namjibu, ananiaga."

Spana ilikuwa imesimama. Maji machache yaliyobaki kwenye bomba yalikuwa yakidondoka juu ya mkono wake.

"Nyie mafundi mnaingia nyumba nyingi," mama aliendelea. "Ukikutana na huyo binti mwambie namtafuta. Nataka nimwombe radhi kabla sijasahau. Siku hizi nasahausahau."

"Nitamwambia."

"Mwembamba, hivi. Anashona."

Sindano alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai alichokuja kumletea mama. Aliyasikia yote, na uso wake haukubadilika, kama mtu anayesikiliza mvua. Mama aligeuka akamwona, akanyoosha mkono. "Binti, nisaidie niinuke," alisema. "Nimemaliza na fundi."

Mama alipokunywa chai na kurudi kwenye kiti chake, Kitinda alilifungua sanduku akatoa shali ya sufu aliyomnunulia, ya rangi ya zambarau, rangi aliyokuwa akiipenda kuliko zote. Alimwekea mabegani. Mama aliipapasa, akaisifu ulaini wake, kisha akaivua na kuikunja vizuri, akamrudishia. Alimwambia ampelekee mama yake mzazi, hakika atafurahi, na kwamba si vijana wengi siku hizi wanaokumbuka mama zao.

Mchana mama alisinzia kitini. Kitinda na Sindano walikaa barazani, kila mmoja upande wake wa ngazi, mlango ukiwa wazi ili wamsikie akiamka. Mikono ya Sindano haikutulia. Alikuwa anashona pindo la gauni kwa mkono, mshono baada ya mshono. Kitinda alimtazama shingo, ile iliyokuwa na alama ndogo nyuma ya sikio, akaona mvi moja. Moyo wake ulitaka kuinyoosha mikono, mikono ikakataa.

Aliuliza jambo hili lilianza vipi. Sindano alimweleza bila haraka. Miaka mitatu iliyopita mama alifika dukani kwake na kitambaa cheupe, akataka ashonewe gauni la kuvaa kwenye harusi ya mwanawe. Sindano alimtambua. Yeye hakutambuliwa.

"Nilifurahi," alisema Sindano. "Nisikudanganye. Nilidhani amekuja kunikejeli, kwamba umepata mwingine na amekuja kunionyesha. Nilimwacha asimame karibu saa nzima, kiti kipo. Kesho yake akaja tena na kitambaa kile kile, na maneno yale yale. Siku ya tatu alikuja amevaa viatu viwili tofauti. Ndipo nikamkalisha."

Alianza kumrudisha nyumbani kila jioni. Kisha akaanza kumfuata asubuhi, kwa sababu barabara ina magari. Dada yake Kitinda alikuwa akifanya zamu kwenye kiwanda cha kufungasha dawa, hana wa kumwachia mama, na msaidizi wa kwanza aliondoka baada ya wiki mbili, wa pili baada ya siku tatu. Mwishowe Sindano akafunga duka, akahamishia cherehani sebuleni.

"Kwa nini?" Kitinda aliuliza. "Baada ya yote tuliyokutendea?"

Sindano alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Ananiomba radhi karibu kila siku, ulivyosikia. Mwanzoni nilikuwa namwambia, mama, binti mwenyewe ndiye mimi, nimekusamehe. Analia, tunakumbatiana, anafurahi kweli. Baada ya saa moja anaanza upya, mwambie huyo binti namtafuta. Nimemsamehe mara ngapi sijui. Inafika mahali huna tena cha kumsamehe, umebaki na mtu tu, kikongwe anayekuita akiogopa. Hasira juu yake iliisha." Akainua macho. "Juu yako ndiyo ilibaki. Wewe hukuwahi kuomba."

Kitinda aliomba pale pale. Hakuomba kwa maneno mazuri. Alimwambia kwamba kwenye simu ile alikuwa amesimama ndani ya lifti mbovu, mlango umefungwa ili wenzake wasimwone, na kwamba alipokata alikaa sakafuni mpaka msimamizi akaja kumgongea. Alimwambia hajawahi kukaa na mwanamke mwingine akasikia raha. Alimwambia alikuwa mwoga, basi, hakuna jina lingine.

"Nimesikia," Sindano alisema. "Nimekusamehe na wewe. Si mzaha, nimesamehe."

"Basi baki. Nimekuja. Sirudi tena kule. Tumtunze pamoja."

Hapo Sindano aliliweka gauni chini.

"Leo ni siku yangu ya mwisho hapa," alisema. "Dada yako anajua, tumelipanga tangu mwezi uliopita. Leo anaacha kazi akae na mama. Wiki ijayo naolewa."

Alimweleza na hilo pia, maana hakuwa mtu wa kuficha. Mwaka jana mama alianguka kwenye ngazi zile. Gari la wagonjwa likaja, na dereva wake, mtu mpole mwenye kitambi kidogo, akambeba mama mikononi kwa sababu machela ilimtia hofu. Siku iliyofuata alipita kumjulia hali. Akaja tena na bomba la chuma na saruji, akalichimbia pembeni ya ngazi. Akawa anakuja. Sasa amehamishiwa hospitali ya mji mwingine, na Sindano anakwenda naye.

"Unampenda?" Kitinda aliuliza, na mara hiyo hiyo akatamani asingeuliza.

"Akisema anakuja, anakuja," alisema Sindano. "Wewe hujui uzito wa jambo hilo kwa mtu aliyewahi kukungoja."

"Sikuuliza hivyo."

"Najua ulivyouliza." Alisimama, akakung'uta vipande vya uzi kwenye sketi. "Wewe nilikupenda mpaka nikaumwa. Sitaki kuumwa tena."

Dada yake alirudi kutoka kiwandani saa tisa, ilikuwa siku yake ya mwisho ya kazi. Alipomwona mdogo wake barazani alikaa kwenye ngazi ya kwanza na mfuko wake, akalia bila kutoa sauti. Kitinda hakumbembeleza. Alimuuliza kwa ukali alikuwa na moyo gani wa kumwambia kila mwezi kwamba mama mzima. Dada alijibu kwamba ni mama mwenyewe, akiwa bado na akili zake, aliyemwapisha. Kibali cha Kitinda cha kuishi kule kilikuwa hakijatoka, na mama alijua akiambiwa atakuja mbio na kupoteza yote. Baadaye kibali kilipotoka, uongo ulikuwa umeshakomaa, hakujua auvunje kuanzia wapi. Kitinda alipaza sauti. Ndani, mama akaanza kulia kama mtoto anayewasikia wazazi wakigombana, akamwita binti. Sindano akaingia, na wale ndugu wawili wakanyamaza kwa aibu.

"Na wewe," dada yake alisema kwa upole, anajifuta, "ulikuwa unapiga simu dakika nne. Unauliza habari, unajibiwa nzuri, unashukuru. Ungeuliza jambo moja zaidi, mdogo wangu, moja tu, ungejua."

Kitinda aliuokota mfuko wa dada yake, akauingiza ndani.

Muda uliobaki Sindano aliutumia kumfundisha Kitinda. Walipita chumba kwa chumba. Kioo cha bafuni kifunikwe, kwa sababu mama akijiona humo anadhani kuna bibi amejificha. Chai isiwe ya moto, naye hatasema kama imemuunguza. Asiambiwe "umesahau", hata mara moja. Akitaka kwenda shule, usimzuie mlangoni, mpe daftari asahihishe. Chumbani palikuwa na rundo la madaftari, na kwa miaka mitatu Sindano alikuwa akiyaandikia majibu yenye makosa usiku nyumbani kwake, ili mwalimu apate kazi ya kufanya asubuhi. Kitinda alifungua moja. *Saba na nane ni kumi na nne*, Sindano alikuwa ameandika, na mama ameweka alama nyekundu ya kosa, na pembeni, kwa mwandiko uliotetemeka: *Jitahidi zaidi, mwanangu.*

Alilifunga daftari kwa sababu hakuweza kuona vizuri. Sindano alikuwa amesimama karibu sana, kiasi kwamba alisikia harufu ya vitambaa vipya nguoni mwake. Kwa muda mfupi hakuna aliyesogea. Kitinda aliinua mkono, akamgusa pale nyuma ya sikio kwa ncha ya kidole. Sindano alifumba macho. Akaushika mkono ule, akaubana kwenye shavu lake kwa nguvu, kisha akaushusha na kuuachia.

"Dawa ya jioni ni nusu kidonge," alisema.

Dereva alifika saa kumi na moja na pikapu ya kuazima. Kitinda alikuwa amejiandaa kumchukia, akakuta hana pa kuanzia. Mtu yule aliposikia yeye ni nani alimpa mkono wa dhati, akamwambia mama amekuwa akimtaja kila siku, akampa pole na hongera ya safari kwa pamoja. Aliingia kwanza kumwamkia mama, ambaye alimdhania ni daktari, akamwonyesha goti. Alilitazama goti kwa makini na kusema linaendelea vizuri.

Cherehani ilikuwa nzito, ya chuma cha zamani, na ilihitaji wanaume wawili. Kitinda alishika upande mmoja, dereva upande mwingine. Walishuka nayo ngazi tatu, wanaelekezana kwa heshima, polepole, shika hapo, ngoja, haya. Wakaipandisha kwenye gari. Sindano alimkumbatia dada, wakalia kidogo. Kwa mama aliingia mwenyewe kuaga, wakiwa peke yao, na walichoambiana hakuna aliyekisikia. Alipotoka macho yalikuwa makavu na mekundu. Alimpa Kitinda mkono kama watu wanaofahamiana tu.

"Mwenye nyumba ameshika zamu yake," alisema, akijaribu ule mzaha wake wa zamani. Haukufika mbali. Akapanda mbele, akafunga mlango polepole kwa mazoea, na gari likaondoka.

Asubuhi ya sikukuu dada alikwenda sokoni mapema. Mtaa ulikuwa umechangamka, watoto wanaonyeshana viatu vipya, redio za majirani zote juu. Mama aliamka akamwita binti. Akaita tena. Alikwenda sebuleni akasimama mahali pale palipokuwa na cherehani, sakafu ikiwa na alama nne za miguu yake, akaangalia huku na huko. Kitinda alimketisha kitini, akamletea uji alioupoza mwenyewe. Mama alibana midomo. Kitinda akajaribu kijiko mara ya pili, mama akageuza uso dirishani.

"Amekwenda wapi?"

"Atakuja, mama."

"Nani kakwambia?"

Kitinda aliliweka bakuli mezani, akakaa sakafuni karibu na kiti. Mama alimtazama kwa muda, na pole pole ule wasiwasi ukamtoka usoni, ikabaki ile sura yake ya darasani anapomwona mtoto aliyejitenga na wenzake.

"Leo sikukuu," alisema. "Kwa nini hukukaa kwako? Huna mke?"

"Sina."

"Mtu mzima hivyo?"

"Nilimpata," alisema Kitinda. "Nikamwacha aende."

Alikusudia kuishia hapo. Lakini kile alichokuwa amekizuia tangu jana, barazani, chumbani, kwenye pikapu, kikamtoka chote kwa mara moja. Aliinamisha kichwa kikaanguka kwenye magoti ya mama yake, juu ya vile vipande vya vitambaa, akalia kwa sauti asiyoijua. Mama alishtuka, mikono ikabaki hewani. Halafu ikashuka. Mmoja ukakaa mgongoni, mwingine ukaanza kumpapasa kichwa, kutoka utosini hadi kisogoni, taratibu, namna ile ile alivyokuwa akifanya zamani ili alale.

"Lia tu," alimwambia. "Lia, mtoto wa watu. Mama yako angekuwepo, angekubembeleza."